Sura ya Kirumi, Sanda ya Kimisri

Sheria na sanaa hazitumii mizani moja katika kuwapima watu. Sheria hupenda mipaka. Huuliza mtu huyu ni mwana wa nani, ni mwenyeji wa mji gani, alipe kodi kiasi gani, na mali yake airithi nani. Sanaa, hasa ile iwekwayo kaburini, huuliza jambo jingine: mtu huyu alijiona kuwa nani, na alitumaini kwenda wapi? Katika nchi ya Misri, kwa muda wa karne tatu za kwanza za utawala wa Warumi, majibu ya maswali haya hayakupatana. Daftari za serikali ziliwatenga Warumi, Wayunani na Wamisri kila kundi mahali pake. Makaburi yaliwaweka pamoja, na mara nyingi yaliwaweka pamoja ndani ya mwili mmoja. Habari ya mchanganyiko huo ni habari ya ufundi, lakini vile vile ni habari ya watu waliokataa kugawanywa.

Ili kuufahamu mchanganyiko ni lazima kwanza kuvifahamu vitu vilivyochanganywa. Sanaa ya Misri ilikuwa na umri wa miaka zaidi ya elfu tatu Warumi walipofika. Mchoraji wa Kimisri hakukusudia kuonyesha mtu kama jicho linavyomwona kwa dakika moja. Alikusudia kumhifadhi mtu mzima, asipungukiwe kiungo, kwa ajili ya maisha yasiyo na mwisho. Kwa hiyo kichwa kilichorwa kwa upande, jicho kwa mbele, mabega kwa mbele, na miguu kwa upande tena, ili kila kiungo kionekane kwa namna kilivyo bora kutambulikana. Vipimo vya mwili vilipangwa kwa mistari ya miraba, na fundi alirithi mistari hiyo kwa mwalimu wake kama mwana arithivyo jina la baba. Uzee, jasho na huzuni havikuwa na nafasi kubwa katika kazi hiyo, kwa kuwa vyote ni vitu vya kupita.

Sanaa ya Warumi ilikuwa na shabaha nyingine. Warumi walijifunza mengi kwa Wayunani: namna ya kuonyesha mwili unaosimama kwa uzito wa mguu mmoja, namna ya kutia kivuli ili shavu lionekane kuwa mviringo, namna ya kuweka nukta ya mwanga katika mboni ya jicho. Lakini waliongeza pendo lao wenyewe, pendo la sura ya mtu fulani asiyefanana na mwingine. Makunyanzi ya mzee, pua iliyopinda, kidevu kizito, vyote vilichongwa kwa uaminifu, maana sura ya mzee wa ukoo ilikuwa ni ushahidi wa heshima ya nyumba. Kwa ufupi, Mmisri alichora mtu atakavyokuwa milele, na Mrumi alichora mtu alivyokuwa siku aliyotazamwa. Ni vigumu kufikiri mitindo miwili iliyo mbali zaidi kwa nia.

Mitindo hiyo haikukutana ghafla. Aleksander wa Makedonia aliingia Misri mwaka 332 kabla ya Masihi, na mwaka uliofuata aliweka msingi wa mji uliochukua jina lake, Iskanderia. Baada yake ukoo wa Ptolemaios ulitawala kwa karibu miaka mia tatu. Wafalme hao walikuwa Wamakedonia kwa damu na Wayunani kwa lugha, lakini katika mahekalu walichongwa kama Mafirauni. Wakati wao alizuka mungu Serapis, aliyetokana na Osiris na ng'ombe mtakatifu Apis wa Memphis, lakini akapewa umbo la mzee wa Kiyunani mwenye ndevu nyingi, na juu ya kichwa chake kipimo cha nafaka. Mungu huyo alikuwa wa Kimisri kwa asili na wa Kiyunani kwa sura. Warumi walipofika walikuta mlango wa mchanganyiko umekwisha kufunguliwa. Kazi yao ilikuwa kuupitia au kuufunga.

Mwaka 31 kabla ya Masihi majeshi ya majini ya Kleopatra na Antonius yalishindwa huko Actium, na mwaka uliofuata Misri ikawa mali ya Roma. Oktavianus, ambaye baadaye aliitwa Augustus, aliitawala kwa namna ya pekee. Alimweka liwali aliyewajibika kwake mwenyewe, na wajumbe wa baraza kuu la Roma walikatazwa kuingia humo bila ya idhini yake. Sababu ni wazi: nchi hiyo ililisha Roma kwa nafaka, na bandari zake za Bahari ya Shamu zilipokea biashara ya Uarabuni, Bara Hindi, na hata pembe za ndovu za Azania, pwani ya Afrika Mashariki, zilizotajwa katika kitabu cha Kiyunani cha mabaharia wa karne ya 1. Mwenye kuishika Misri alilishika tumbo la dola.

Mwanahistoria Cassius Dio anasimulia kwamba Augustus, alipoombwa kwenda kumtazama ng'ombe Apis, alikataa, akasema kuwa desturi yake ni kuabudu miungu, si ng'ombe. Hata hivyo, katika kuta za mahekalu ya Dendur na Kalabsha, yaliyojengwa upande wa kusini wa Misri, Augustus huyo huyo amechongwa amevaa taji za Firauni, akiwatolea miungu ya Kimisri sadaka. Nywele zake za Kirumi hazipo. Uso wake ni uso wa Mafirauni wote waliomtangulia, na jina lake la Kaisari limezungushiwa ule mviringo mrefu uliolinda majina ya wafalme wa kale. Makuhani walihitaji mfalme ili ibada itimie, maana kwa itikadi yao bila ya mfalme kutoa sadaka ulimwengu usingesimama sawa. Kaisari naye alihitaji nchi tulivu. Kila upande ulipata ulichotaka, na hapana hata mmoja aliyebadilisha moyo wake. Desturi hiyo iliendelea kaisari baada ya kaisari. Katika hekalu la Esna limo jina la Decius, aliyetawala tangu mwaka 249 mpaka 251.

Lakini mahekalu hayo hayaonyeshi mchanganyiko wa mitindo. Yanaonyesha jina geni ndani ya mtindo wa kale. Mchanganyiko wa kweli haukutoka katika makubaliano ya wakubwa. Ulitoka kwa watu waliokuwa chini yao, na ili kuona thamani yake yafaa kwanza kuitazama sheria iliyowatawala.

Warumi waliwagawanya wakaaji wa Misri katika daraja. Juu walikuwa raia wa Roma. Baada yao raia wa Iskanderia na wa miji michache ya Kiyunani. Chini kabisa waliitwa Wamisri. Jina hilo lilikusanya watu wengi wa vijijini na wa miji ya wilaya, hata wale waliosema Kiyunani nyumbani na waliohesabu mababu wa Kiyunani. Kodi ya kichwa ililipwa na wanaume tangu umri wa miaka 14. Raia wa Roma na wa Iskanderia hawakuilipa; wenyeji wa miji mikuu ya wilaya walilipa kwa kiwango kilichopunguzwa; mwanakijiji alilipa yote. Karatasi moja ya mafunjo ya karne ya 2, ambayo sasa imo Berlin, ina vifungu zaidi ya 100 vya maagizo kwa msimamizi wa mapato ya kaisari. Humo imeandikwa kwamba mtoto wa ndoa ya watu wa daraja mbili huifuata daraja ya chini, na kwamba mtu atumiaye jina au cheo kisicho cha daraja yake hunyang'anywa robo ya mali yake. Kujiita Mrumi pasipo haki kulikuwa ni kosa la fedha. Basi mtu aliyetaka kusema yeye ni nani alikuwa na mahali pachache pa kusemea.

Pahali pamoja palikuwa chini ya ardhi. Mwezi wa Septemba mwaka 1900, katika mtaa wa Kom el-Shoqafa mjini Iskanderia, yasemekana kwamba punda alitumbukia katika shimo, na kwa mkasa huo yakajulikana makaburi makubwa yaliyokatwa ndani ya mwamba. Jina la mahali hapo maana yake ni kilima cha vigae. Makaburi yenyewe ni ya karne ya 2. Ngazi ya kuzunguka inashuka kando ya kisima kikavu ambacho huenda kilitumika kuteremshia maiti, na chini yake kuna orofa tatu, ya mwisho ikiwa imeingiliwa na maji kwa muda mrefu. Kipo chumba chenye mabenchi ya mwamba yaliyopangwa pande tatu kama ukumbi wa kulia chakula wa Kirumi. Hapo jamaa za wafu walikutana siku za ukumbusho, wakala na kunywa karibu na wapendwa wao.

Kaburi kuu lina sura ya hekalu dogo. Nguzo zake zina vichwa vya majani ya mafunjo, na juu ya mlango limo jua lenye mabawa. Hayo ni ya Misri. Juu zaidi kuna pembe ya paa iliyokaa kama mnara wa upinde wa Kiyunani na Kirumi. Ndani ya ukumbi, katika ukuta wa kuume na wa kushoto, zimesimama sanamu za mwanamume na mwanamke. Miili yao imesimama wima, mguu mmoja mbele, kama sanamu za wakati wa Mafirauni. Vichwa vyao ni vya watu fulani waliopata kuishi: uso una umri, nywele zimechongwa kwa mtindo wa Roma. Fundi aliyeitengeneza sanamu ya mwanamume alijua kuuonyesha mwili usio na umri na uso wenye umri, akaviunganisha shingoni bila ya kuona haya.

Kila upande wa mlango wa ndani amelala nyoka mwenye ndevu. Amevaa taji mbili za Misri ya Juu na ya Chini, lakini amechukua fimbo ya Hermes na fimbo ya Dionysos, na juu yake imetundikwa ngao yenye kichwa cha Medusa. Ndani ya chumba Anubis, mwenye kichwa cha mbweha, anaihudumia maiti iliyolazwa juu ya kitanda chenye umbo la simba, na Horus na Thoth wamesimama kando. Lakini majeneza ya jiwe yamepambwa kwa mashada ya maua na zabibu, kama majeneza ya Kirumi. Na mtu akigeuka ili atoke, anamwona Anubis tena, safari hii amevaa deraya ya askari wa Kirumi, na ubavuni mwake upo upanga. Aliyekuwa mtengenezaji wa maiti amekuwa mlinzi wa lango. Watu wa siku zile walimjua mlinzi kwa vazi gani? Kwa vazi la askari aliyesimama katika njia zao kila siku. Walimchukua mwenye nguvu wa dunia hii wakampa kazi ya kuwalinda katika ile nyingine.

Mfano wa pili hautoki katika mji mkuu bali katika wilaya ya Fayum na sehemu nyingine za bonde la Nile. Huko, tangu karne ya 1 mpaka ya 3, watu wenye uwezo walizikwa kwa desturi ya Kimisri, maiti ikakaushwa na kufungwa kwa kitani, lakini juu ya uso, mahali palipowekwa zamani kinyago, iliwekwa picha iliyochorwa juu ya ubao mwembamba. Neno mumia, litumiwalo kwa maiti za namna hiyo, lina asili moja na neno mumiani lijulikanalo kwa Waswahili. Yote mawili yametoka katika jina la lami na dawa iliyodhaniwa kupatikana katika maiti za kale. Picha zilizosalia zakaribia 1,000. Nyingi zilichorwa kwa rangi iliyochanganywa na nta ya nyuki, nyingine kwa rangi ya maji na gundi. Ubao uliopendwa sana ulikuwa wa mti wa linden, ambao hauoti Misri na ulikuja kwa marikebu kutoka ng'ambo ya bahari. Wengine walitumia mkuyu wa nchini.

Nyuso hizo humtazama mtazamaji kwa macho makubwa. Mwanga hutoka upande mmoja, kivuli hukaa upande wa pili, na ngozi ina rangi nyingi kama ngozi iliyo hai. Wanawake wamesuka nywele kama wanawake wa nyumba ya kaisari walivyosuka wakati huo, hata wataalamu wameweza kukadiria umri wa picha kwa kutazama nywele tu. Wanaume wenye ndevu huonekana zaidi baada ya Kaisari Hadrianus, ambaye alifuga ndevu. Mwaka 1888 Flinders Petrie alichimba huko Hawara, karibu na piramidi ya Amenemhat wa Tatu, akapata picha nyingi. Hata hivyo alihesabu kwamba katika kila maiti 100 ni moja au mbili tu zilizokuwa na picha. Jambo hili lisisahauliwe. Nyuso zilizotufikia ni za wachache walioweza kumlipa mchoraji na kununua ubao wa ng'ambo. Mkulima aliyelipa kodi yote ya kichwa hakuacha uso.

Mmoja katika wachache hao ni Artemidoros, ambaye maiti yake imo British Museum ikiwa kamili. Alikuwa kijana. Picha yake imechorwa kwa mkono wa Kirumi, na kichwani ana taji la majani la dhahabu. Chini ya picha, sanda imefunikwa kwa tabaka ya plasta nyekundu, na juu yake kwa dhahabu imechorwa habari yote ya Osiris: Anubis anaihudumia maiti, Horus na Thoth wanasimama pamoja, na Osiris anaamka juu ya kitanda chake. Kati ya uso na miungu hiyo limeandikwa kwa Kiyunani neno la kuagana na Artemidoros na kumtakia moyo mkuu, na mwandishi amekosea herufi. Hapo kila kitu kimewekwa mahali pake. Uso unaeleza alikuwa nani kati ya watu wa mji wake. Maandishi yanaeleza lugha ambayo jamaa zake walimlilia. Sanda inaeleza anakokwenda. Sheria ingemwita Mmisri na kumaliza. Kaburi lilihitaji mitindo miwili ili kumtaja mtu mmoja.

Mwingine ni Hermione, aliyechimbuliwa Hawara mwaka 1911. Karibu na uso wake limeandikwa jina lake na neno la Kiyunani liwezalo kufahamika kuwa ni mwalimu wa kusoma, au mwanamke aliyesoma sana. Maiti yake ilipelekwa Girton, chuo cha Cambridge kilichoanzishwa kwa ajili ya wanawake. Katika Hawara hiyo hiyo Petrie alikuta, chini ya kichwa cha mwanamke mwingine aliyezikwa, kitabu cha mafunjo chenye sehemu ya utenzi wa Homeros. Elimu ya Kiyunani ilikuwa mto wa kulalia, na kaburi lenyewe lilikuwa la Kimisri.

Mchanganyiko huo ulikwenda pia upande wa pili wa bahari, lakini ulipofika Roma maana yake ilibadilika. Mwaka 10 kabla ya Masihi Augustus alisimamisha mjini Roma obeliski mbili zilizotolewa Misri, na maandishi ya Kilatini katika vitako vyake yasema kwamba Misri imewekwa chini ya mamlaka ya watu wa Roma. Zile zilikuwa nyara. Karibu na wakati huo mkubwa mmoja aliyeitwa Gaius Cestius alijengewa kaburi la umbo la piramidi, urefu wake kama mita 36, lililokamilishwa kwa siku 330. Hilo lilikuwa ni fahari. Kaisari Domitianus aliagiza obeliski mpya ikachongwe na kuandikwa kwa hieroglifi sifa zake mwenyewe, nayo sasa yasimama katika Piazza Navona. Wakati huo wote palikuwa na watu wa Italia waliomwabudu Isis kwa moyo wa kweli, kama hekalu lake la Pompeii linavyoshuhudia. Basi katika mji mmoja Misri ilikuwa nyara kwa kaisari, pambo kwa tajiri, na tumaini kwa mwenye kuomba.

Hadrianus alikusanya mambo yote matatu. Alipozuru Misri mwaka 130, kijana mpenzi wake Antinous alikufa maji katika Nile. Kaisari alijenga mji kwa jina lake, na akaamrisha aabudiwe kama mungu. Sanamu moja ya Antinous, iliyotoka katika jumba la Hadrianus huko Tivoli na ambayo sasa imo katika makumbusho ya Vatikani, imevaa kilemba na kikoi cha Firauni na imesimama kwa ukakamavu wa Kimisri. Lakini misuli ya kifua ni laini kama kazi ya Kiyunani, na uso ni ule ule unaojulikana katika sanamu zake zote. Kifo kilimfundisha mtawala wa dunia jambo ambalo jamaa za Artemidoros walilijua bila ya kufundishwa: kwamba mtindo wa Kirumi ulijua kukumbuka, na mtindo wa Kimisri ulijua kutumaini.

Kusini ya mpaka wa dola palikuwa na ufalme wa Kushi, wenye mji mkuu Meroe, ambao Roma haikuutawala. Mnamo mwaka 25 kabla ya Masihi Wakushi walishambulia mji wa Syene mpakani wakachukua nyara. Mwaka 1910 John Garstang, alipokuwa akichimba Meroe, alikuta kichwa cha shaba cha Augustus kimefukiwa chini ya ngazi za mahali pa ibada, ili kila aingiaye amkanyage kaisari. Ungedhani watu wa namna hiyo walikataa kila kitu cha Roma. Lakini huko Naqa, mbele ya hekalu la mungu Apedemak lililojengwa na Mfalme Natakamani na Malkia Amanitore, limesimama jengo dogo ambalo madirisha yake ni ya matao na nguzo zake zina majani ya Kiyunani na Kirumi, na juu ya milango yake limo jua lenye mabawa. Katika kuta za hekalu lenyewe malkia amechongwa mkubwa sawa na mfalme, mwenye mwili mnene kwa uzuri wa Kikushi. Wakushi walikikanyaga kichwa cha Kaisari na kulitumia tao lake. Kuchanganya hakukuwa lazima alama ya kushindwa. Aliye huru pia huchagua.

Wako wataalamu wa zamani walioziona kazi hizi kuwa dalili ya kuoza. Walisema Mmisri amesahau sanaa yake na Mrumi ameiharibu ya kwake. Hoja hiyo ina sehemu ya kweli. Chini ya kitanda cha maiti katika Kom el-Shoqafa mna vyungu vitatu vya matumbo mahali ambapo desturi ya kale ilitaka vinne. Na juu ya sanda nyingi hieroglifi zimechorwa kuwa pambo tu, hazisomeki. Wako mafundi ambao hawakuifahamu tena kila kanuni. Lakini kosa la chungu kimoja halifuti kazi ya chumba kizima, kama vile kosa la herufi katika kuagana na Artemidoros halifuti huzuni ya walioagana naye. Lau kama ujinga ndio uliochanganya, mitindo ingalichanganyika ovyo, mahali popote. Haikuwa hivyo. Katika maiti baada ya maiti, uso ni wa Kirumi na sanda ni ya Kimisri. Haikuonekana desturi ya kuchora uso wa Firauni juu ya sanda yenye vita vya Roma. Mahali palipo na utaratibu pana nia.

Mambo yaliyouondoa mchanganyiko huo yalikuwa mengi. Mwaka 212 Kaisari Caracalla aliwapa uraia karibu watu wote huru wa dola, na jina la Mrumi likapoteza thamani yake ya kutenga. Dini ya Kikristo ilienea, na tumaini la kufufuka likapata njia nyingine. Hekalu la Serapis mjini Iskanderia liliharibiwa mnamo mwaka 391, na maandishi ya hieroglifi ya mwisho yajulikanayo yalichongwa Philae mwaka 394. Hata hivyo ufundi haukufa wote. Katika monasteri ya Mtakatifu Katerina chini ya mlima wa Sinai zimehifadhiwa picha takatifu za karne ya 6 zilizochorwa kwa rangi na nta juu ya ubao, na mojawapo ni ya Kristo mwenye macho makubwa yamtazamayo mtazamaji. Mkono uliochora wafu wa Hawara uliacha wanafunzi.

Mtengano mkubwa ulikuja baadaye sana. Katika karne ya 19 wachimbaji na wafanya biashara walijua kwamba ubao wenye uso mzuri huuzika Ulaya, na maiti nzima ni mzigo mzito. Picha zilikatwa, sanda zikaachwa au zikatupwa. Theodor Graf, mfanya biashara wa Vienna, alikusanya picha nyingi za namna hiyo, zikaonyeshwa na kuuzwa mji baada ya mji. Katika picha zote zijulikanazo, ni sehemu ndogo tu iliyobaki juu ya miili yake. Nyuso zilipelekwa katika vyumba vya sanaa ya Kiyunani na Kirumi, na mabaki ya sanda, yalipopatikana, yalipelekwa katika vyumba vya Misri. Karani wa kodi wa karne ya 2 angaliufurahia mpango huo, maana hatimaye kila kitu kiliwekwa katika daraja yake.

Kwa sababu hiyo thamani ya Artemidoros haimo katika uzuri wa uso wake, kwa kuwa ziko nyuso zilizochorwa vizuri zaidi. Thamani yake ni kwamba hakukatwa. Anayesimama mbele yake humwona kijana wa jina la Kiyunani, wa uso wa Kirumi, wa ulimwengu wa Osiris, naye bado ni mtu mmoja, kama walivyomtaka waliomzika.